Majina ya Mabaharia Yaliyoponea Chupuchupu

Mwenye kununua karanga sokoni huzipokea zimefungwa katika kipande cha karatasi, na akiisha kuzila hukitupa kile kipande. Siku moja mimi sikukitupa. Nilikikunjua, nikaona ni ukurasa uliotoka katika daftari la kazi la zamani: majina ya vibarua, siku walizofanya kazi, na mshahara wa kila mmoja, yote kwa wino wa buluu na mwandiko safi wa karani. Kando ya jina moja karani aliandika neno moja tu: «Amekufa». Mama muuzaji hakujua ukurasa ule ulitoka wapi. Yeye alinunua makaratasi kwa kilo. Nikamwuliza kama anayo mengine ya namna ile. Akacheka, akajibu kwamba yamekwisha pamoja na karanga za jana.

Nilikumbuka ukurasa huo nilipopata kusoma habari za Chuo Kikuu kimoja kilicho mbali sana nasi, katika mji wa St. John's, kwenye kisiwa cha Newfoundland, upande wa mashariki wa Kanada. Huko ni nchi ya ukungu na mawe, na bahari yake huleta barafu kubwa kama vilima. Watu wake tangu zamani waliishi kwa kuvua samaki. Chuo chao chaitwa Memorial, maana yake Ukumbusho, na jina hilo lina sababu. Tarehe 1 Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, askari wa Newfoundland wapata 800 walitoka katika mahandaki yao huko Beaumont-Hamel, nchini Ufaransa, wakaenda kuwakabili adui. Kesho yake majina yalipoitwa, walioitika walikuwa 68. Mwaka 1925 wenyeji wakafungua chuo ili kuwakumbuka vijana wao waliokufa katika vita ile, na mwaka 1949, mwaka uleule ambao Newfoundland iliingia katika Kanada, chuo kikafanywa Chuo Kikuu.

Basi tuone jinsi chuo hicho cha ukumbusho kilivyopata kuwa mlinzi wa majina ya watu wasiokuwa wa kwake.

Tangu mwaka 1835 sheria ya Uingereza iliagiza kwamba nahodha wa merikebu ya biashara aandikiane mkataba na mabaharia wake, na safari ikiisha aukabidhi kwa wakubwa wa serikali. Fikiri, ndugu msomaji, ni merikebu ngapi zilipeperusha bendera ya Uingereza katika miaka mia moja iliyofuata, na kila moja ilifanya safari ngapi! Makaratasi yakajaa ghala baada ya ghala. Ilipofika miaka ya 1960 watunzaji wa nyaraka za serikali huko London walichoka nayo. Tusiwahukumu upesi. Ghala hugharimu fedha, na nani angesoma mamilioni ya mikataba ya wapishi na wachochea moto? Wakaamua kubakiza sehemu moja katika kumi tu. Nyumba ya makumbusho ya bahari huko Greenwich ikachukua hati za miaka inayoishia kwa tano, kama 1865, 1875 na kuendelea. Majimbo kadhaa yakachukua za bandari zao. Yaliyobaki yalikuwa yakingoja kuharibiwa.

Hapo wakatokea wataalamu wa historia wa Memorial, na mmoja wao alikuwa Keith Matthews, mtu aliyekuwa akitafuta habari za wavuvi wa Newfoundland. Wao walisema: Tupeni sisi. Mwaka 1971 makaratasi yakaanza kuvushwa bahari ya Atlantiki, bahari ileile ambayo wenye majina hayo waliivuka mara nyingi. Leo, katika kila hati kumi za mabaharia wa merikebu za Uingereza na makoloni yake za tangu mwaka 1863 hadi 1938, hati saba hivi ziko St. John's, na za miaka 1951 hadi 1976 zilifuata baadaye. Mji wenyewe si mkubwa. Lakini mtu wa Liverpool atakaye kujua babu yake alisafiri na nani, mara nyingi hana budi kuandika barua Newfoundland.

Je, hati hizo zina nini hata zistahili taabu yote hiyo?

Hati moja ni karatasi kubwa iliyokunjwa, yenye safu nyingi. Baharia aliandika jina lake mwenyewe. Asiyejua kuandika alitia alama ya msalaba, na mwenye kushuhudia akaandika jina kando ya alama. Kisha umri wake, mahali alipozaliwa, merikebu aliyotoka, siku na mji aliopandia, kazi yake chomboni, na ujira wake kwa mwezi. Mwishoni iko safu ya siku alipoondoka na sababu ya kuondoka: amemaliza safari, ametoroka, amelazwa hospitali, amekufa. Mkataba huo ulitaja pia chakula, siku kwa siku: mkate mkavu kiasi gani, nyama ya ng'ombe ya chumvi, nyama ya nguruwe, dengu, unga, chai, sukari, na maji ya kila mtu. Mara nyingi iliandikwa waziwazi kwamba pombe kali haitatolewa.

Pamoja na mikataba hukaa madaftari ya safari. Humo nahodha alipaswa kuandika kila aliyezaliwa chomboni, kila aliyekufa, na kila aliyetozwa faini kwa ulevi au ukaidi. Baharia akifa baharini, vitu vyake viliorodheshwa, na mara nyingi viliuzwa kwa mnada kwa wenzake, ili fedha wapelekewe ndugu. Shati mbili, kofia, jozi ya viatu vya mvua, blanketi, kisu, sanduku. Mbele ya kila kitu bei yake, na pengine jina la aliyekinunua. Mimi naona orodha ya namna hiyo husema habari za mtu kuliko hotuba nyingi za mazishi.

Sasa mwanafunzi ataniuliza: hayo ni mambo ya bahari, na vitabu vya hadithi vinaingiaje? Vinaingia kwa mlango uleule, na mlango huo wapita kwetu Kongo. Mwaka 1890 alifika Matadi mgeni mmoja Mpolandi, nahodha katika merikebu za Uingereza, aitwaye Józef Konrad Korzeniowski. Alikwenda kwa miguu kupita maporomoko ya maji hadi Kinshasa, akapanda stima ndogo iitwayo Roi des Belges, akaupanda Mto Kongo hadi Maporomoko ya Stanley, ambapo leo ni Kisangani. Alirudi Ulaya mgonjwa na mwenye huzuni kwa mambo aliyoyaona, na mwaka 1899 hadithi yake juu ya mto wetu ilianza kutokea gazetini. Ulimwengu wamjua kwa jina la Joseph Conrad.

Miaka sita kabla ya kuja kwetu, Conrad alikuwa msaidizi wa pili wa nahodha katika merikebu iitwayo Narcissus, iliyotoka Bombay mwaka 1884 kwenda Dunkirk nchini Ufaransa. Mnamo 1897 alitoa kitabu juu ya safari ya merikebu yenye jina hilohilo, na kiini chake ni baharia mmoja Mweusi, James Wait, ambaye ni mgonjwa tangu mwanzo na hufa kabla ya kufika. Wasomaji wengi walidhani ni mambo ya kubuni tu. Kumbe wataalamu walipoichunguza hati ya mabaharia wa Narcissus, walikuta kwamba baharia aitwaye Joseph Barron, mwenye umri wa miaka 35, alikufa kweli baharini mwezi wa Septemba 1884, wiki chache kabla ya merikebu kutia nanga. Mstari mmoja katika orodha! Na kitabu chenyewe huanza na kuitwa kwa majina. Msaidizi wa nahodha ashindwa kulisoma jina la mwisho kwa kuwa wino umechafuka. Mwenye jina afika amechelewa, apaza sauti «Wait», na kwa kuwa neno hilo kwa Kiingereza ni «Ngoja», wote wadhani ni mtu anayethubutu kumwamrisha mkubwa. Conrad alijua vizuri jinsi maisha ya mtu yawezavyo kutegemea doa la wino.

Lakini chuo cha Memorial hakitunzi habari za wageni tu. Yako makaratasi ya mwandishi mmoja mwanamke wa kisiwa hicho, Cassie Brown, aliyefanya kazi katika magazeti na kutunga michezo ya redio. Yeye alitumia miaka mingi kutafuta ukweli wa msiba ambao wazee wa Newfoundland walikuwa wakiusimulia kwa sauti ya chini.

Huko, kila mwisho wa majira ya baridi, wanaume maskini walikuwa wakipanda meli kwenda katika barafu kumwinda sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya na mafuta. Tarehe 31 Machi 1914 meli iitwayo Newfoundland ilikuwa imebanwa na barafu. Nahodha wake, kijana Westbury Kean, akawatuma watu wake waende kwa miguu juu ya bahari iliyoganda hadi meli ya baba yake, Abram Kean, iitwayo Stephano, iliyokuwa karibu na wanyama. Baba akawapa chai na mkate, akawashusha penye mawindo, akaenda zake, akidhani jioni watarudi melini kwao. Mwana naye alidhani watalala kwa baba. Theluji na upepo vikaanza. Simu ya upepo ilikuwa imeondolewa katika meli Newfoundland, kwa sababu wenye mali waliona haiwaletei faida. Hivyo hakuna aliyeuliza na hakuna aliyejibu. Watu 132 wakakaa juu ya barafu siku mbili na usiku mbili, bila moto wala hema. Waliokufa walikuwa 78.

Kati yao alikuwamo Reuben Crewe wa kijiji cha Elliston. Mwaka 1911 alikuwa ameponyoka meli iliyozama barafuni, akaapa hatakwenda tena. Lakini mwanawe Albert John, kijana wa miaka 16, alitaka kwenda, na baba hakuweza kumwacha aende peke yake. Walikutwa wameganda, baba amemkumbatia mtoto, uso wa mtoto umo ndani ya nguo ya baba. Sanamu yao iko Elliston mpaka leo.

Cassie Brown alisoma maneno ambayo walionusurika walikuwa wamesema kwa kiapo mbele ya wachunguzi, akawatafuta wazee waliokuwa wangali hai, akalinganisha saa na saa, neno na neno. Kitabu chake, Death on the Ice, yaani Mauti Barafuni, kilitolewa mwaka 1972, na watu wa huko hukishika mkononi kama habari ya ukoo wao. Baadaye makaratasi yake yakaja Memorial. Hapo mtu aweza kuona jinsi kitabu kinavyotengenezwa, na hilo ni jambo ambalo wanafunzi wetu hawaonyeshwi mara nyingi. Wao hupewa kitabu kilichokwisha, safi, chenye jalada. Hawaambiwi kwamba nyuma yake kuna barua za kuuliza, sentensi zilizofutwa, na kurasa zilizoandikwa upya.

Na michezo ya kuigiza je? Hiyo ndiyo taabu zaidi kuhifadhi. Merikebu huacha hati, kitabu huacha kurasa. Mchezo huisha usiku uleule, taa zikazimwa, watu wakaenda kulala. Ndiyo maana watunzaji hukusanya kila kijisehemu: maneno ya waigizaji yenye alama za penseli, karatasi za kutangaza, picha, hesabu za tiketi, michoro ya nguo.

Newfoundland ina desturi moja ya kale iliyo ndugu ya michezo ya kuigiza. Katika siku kumi na mbili za Noeli, mpaka Epifania, watu wazima hujifunika nyuso kwa vitambaa na mapazia, wanaume wakavaa nguo za wanawake na wanawake za wanaume, wakaenda kubisha nyumba za jirani. Ili sauti isitambulike, husema huku wakivuta pumzi ndani. (Jaribu, msomaji, utaona si rahisi.) Mwenye nyumba hukisia wao ni nani, akiwajua, hufunua nyuso na kupewa keki na kinywaji. Lakini vinyago vyaweza kuficha ubaya pia. Tarehe 28 Desemba 1860, huko Bay Roberts, mtu mmoja aitwaye Isaac Mercer alipigwa na watu waliofunika nyuso hata akafa, na mwaka 1861 serikali ikakataza kuvaa vinyago bila ruhusa. Sheria ilisikiwa mjini. Vijijini desturi iliendelea kimyakimya.

Mwaka 1968 Memorial ilianzisha hifadhi maalumu ya mapokeo na lugha, chini ya mwalimu Herbert Halpert. Na waliokusanya habari ni nani? Wengi walikuwa wanafunzi wenyewe. Wakati wa likizo walirudi vijijini, wakawauliza bibi na babu zao, wakaandika, wakanasa sauti katika tepu. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha wataalamu juu ya vinyago vya Noeli, kilichojengwa juu ya kazi hiyo. Mambo ambayo mwanafunzi aliyaona ya kawaida mno, hata pengine aliyaonea haya mbele ya walimu, yakawekwa katika sanduku moja na yale ya heshima.

Kisha moto ukahamia jukwaani. Mwaka 1972 vijana wa St. John's waliunda kundi, wakaliita Mummers Troupe, yaani Kundi la Wavaa Vinyago, wakaufufua mchezo wa kale wa Noeli na kuuchezea majumbani mwa watu. Baadaye walikwenda Buchans, mji wa migodi ndani ya kisiwa, wakakaa na wachimba migodi, wakasikiliza hadithi za migomo na za maisha yao, na kwa maneno hayo wakafanyiza mchezo mwaka 1974. Wenzetu wa Katanga wangeuelewa bila mkalimani. Mwaka 1976 jamaa hao walinunua jumba la chama cha wapakizi wa bandari, mahali ambapo makuli walikuwa wakikutana kupigania ujira wao, wakaligeuza kuwa ukumbi wa michezo, na ukumbi huo bado wajulikana kwa jina la chama cha wapakizi. Kundi lilivunjika mwaka 1982, lakini makaratasi yake nayo yako Memorial. Hivyo hati ya baharia, daftari la mwandishi na tangazo la mchezo vimekuwa wapangaji wa chuo kimoja.

Neno moja tena kwa wasomaji wenye ndugu wa pwani ya Zanzibar na Mombasa. Katika meli za moshi za Waingereza zilizokwenda Bombay na Aden, wengi wa waliotia makaa katika moto walikuwa watu wa asili ya Afrika ya Mashariki, wakiitwa Masidi. Baadhi yao walikuwa wametolewa utumwani. Kazi yao ilikuwa chini kabisa melini, penye joto la kuunguza. Mara nyingi, pamoja na mabaharia wa Kihindi, waliajiriwa kwa mkataba wa namna yao, wenye ujira mdogo kuliko wa Wazungu, na pengine majina yao hayakuandikwa moja moja kama ya wengine. Karani aliandika kwa jinsi alivyosikia, au hakuandika. Kwa hiyo hata nyumba ile yenye majina mengi hivyo ina nafasi tupu, na nafasi hizo hazikugawanywa sawasawa.

Hata hivyo kazi inaendelea. Hati za mwaka 1915, zile zilizokaa Uingereza, zilipigwa picha zote, na watu mamia waliojitolea wakayanakili majina, yapata 750,000, ili kila mtu aweze kuyatafuta bila malipo. Za Memorial zilizo nyingi hazijanakiliwa hivyo. Zimepangwa kwa mwaka na kwa namba ya merikebu, wala si kwa jina la mtu. Mwenye kuuliza «Babu yangu aliitwa Juma» hatasaidiwa upesi, bali mwenye kusema «Babu yangu alitia makaa katika meli fulani, mwaka fulani» ataletewa sanduku. Wazee waliosikia majina ya meli hizo kwa baba zao bado wako wachache huko pwani. Waulizwe jina la meli kwanza.